Tehama ya kukodi kwa biashara ndogo (2): Kazi mpe fundi, funguo kaa nazo

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini mfanyabiashara mwenye watu 10 au 20 hana haja ya kumwajiri mtaalamu wa Tehama wa kudumu. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 inaihesabu biashara kuwa ndogo ikiwa na wafanyakazi 5 hadi 49, na ya kati ikiwa nao 50 hadi 99. Kwa wengi wa hao mshahara wa mtaalamu mmoja ni mzigo, na mtu mmoja hawezi kuyajua yote, kuanzia ruta hadi mfumo wa mauzo. Kukodi huduma nje ni busara. Leo tuingie kwenye makubaliano yenyewe, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Tuanze na malipo. Wengi wamezoea mtindo mmoja: kompyuta ikigoma unampigia fundi, anakuja, anatengeneza, unamlipa. Kwa mtindo huu fundi anakula pale kwako panapoharibika. Sisemi mafundi wana nia mbaya. Wengi ni vijana waaminifu wanaohangaikia riziki. Ila hakuna anayemlipa aje siku ambayo kila kitu ni kizima, aangalie kama diski inakaribia kujaa, kama leseni ya programu ya kuzuia virusi imekwisha, au kama kompyuta ya kaunta bado inatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mtindo wa pili ni ada ya mwezi, kazi iwepo isiwepo. Hapo kila hitilafu inamla mtoa huduma muda wake mwenyewe, kwa hiyo naye anataka isitokee. Mwenye kompyuta zaidi ya tano na mfumo wa mauzo uliounganishwa na mashine ya EFD namshauri achague ada ya mwezi, na asisahau kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 anapolipa.

Soma kwa makini kifungu cha muda. Mikataba mingi huahidi kuitika ndani ya saa mbili, na mteja huridhika. Kuitika si kutengeneza. Ujumbe wa WhatsApp usemao "tumepokea, tunalifanyia kazi" unatosha kutimiza ahadi hiyo, huku foleni ya wateja imesimama na mtunza fedha anaandika kwa kalamu. Dai uandikwe muda wa kumaliza kazi pia, na kama hauwezi kumalizika, basi uandikwe muda wa kuletewa mashine ya akiba.

Jambo linaloniuma zaidi ni nakala rudufu. Chukua duka la jumla la dawa pale Kariakoo. Kompyuta ya kaunta ina stoo yote: dawa zilizopo, tarehe za mwisho za matumizi, wadaiwa, bei za kila mteja. Pembeni yake kuna diski ya nje, imechomekwa tangu siku fundi alipoileta, taa yake inamweka, na mwenye duka anaiona akiba yake ipo salama. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kwenye kompyuta hiyo kinaikuta diski imefunguliwa, nacho kinafunga vyote viwili kwa mpigo. Mwizi akija usiku atabeba vyote viwili. Nakala ya kweli lazima moja iwe imechomolewa au ipo mahali pengine, na lazima ijaribiwe. Mwambie mtoa huduma, mbele yako, arudishe faili la mauzo la mwezi uliopita kwenye kompyuta nyingine na alifungue. Fanya hivyo kila robo mwaka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Sasa funguo. Unapokodi huduma unampa mtu asiye mwajiriwa wako njia ya kuingia ndani ya kila kompyuta yako, mara nyingi akiwa mbali. Hatari yake ilionekana tarehe 2 Julai 2021. Kampuni ya Kaseya ya Miami hutengeneza programu ambayo watoa huduma za Tehama huitumia kuhudumia kompyuta za wateja kutoka mbali. Kundi la wahalifu liitwalo REvil lilipenya humo. Wateja wa Kaseya walioguswa moja kwa moja hawakufika 60, lakini kupitia kwao biashara zipatazo 1,500 zilijikuta mafaili yamefungwa. Huko Sweden maduka ya Coop, mamia kwa mamia, yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo zilikufa. Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Ilidhurika kupitia mtoa huduma wa mashine zake. Basi muulize wa kwako: kila fundi ana akaunti yake, au wote wanatumia nywila moja? Kijana akiacha kazi kwao, nani anamfungia njia ya kuingia kwako, na baada ya muda gani?

Kwa biashara zetu, hata hivyo, hatari ya kila siku ni ndogo kuliko hiyo na ya karibu zaidi. Fundi anasajili jina la tovuti yako, lile linaloishia na .co.tz, kwa jina lake na baruapepe yake. Msimbo wa uthibitisho unaingia kwenye simu yake. Nywila ya msimamizi anaijua yeye peke yake. Siku mkikosana, au akihamia mji mwingine, baruapepe za kampuni zinabaki mikononi mwake na huna karatasi ya kuonyesha kwamba ni zako.

Sheria nayo haikuachii nafasi ya kusema "hayo anayajua fundi". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtambua mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake, na wote wawili wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye duka la dawa ndiye mkusanyaji. Majina na simu za wateja zikivuja kupitia kwa fundi, mwenye duka pia ana la kujibu.

Kwa hiyo wiki hii mwombe mtoa huduma wako orodha iliyoandikwa: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani na linaisha lini, nywila za msimamizi za kompyuta, ruta na baruapepe, leseni zote, na namba ya simu inayopokea misimbo. Iweke kwenye bahasha ndani ya kasiki, si kwenye kompyuta. Akikupa bila maneno, endelea naye. Akianza kukuzungusha, tafuta mwingine mapema, mngali mnaelewana.