Kutoka Kibaba hadi Uniti: Kuchaji Betri Ndogo katika Vituo vya Magari ya Umeme, kwa Mtazamo wa Kanyenye, Tabora

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini betri ya ndani ya gari-nyumba, yaani betri inayohudumia taa, jokofu na pampu ya maji wakati gari limesimama, haichajiki moja kwa moja katika kituo cha umma cha magari ya umeme. Hoja kuu ni kwamba tatizo hili si la uhaba wa umeme, bali ni la kipimo: kituo hicho kimebuniwa kutoa umeme kwa wingi, na hakina njia ya kumhudumia mwenye haja ndogo. Kwa kurejelea Kanyenye, kata ya Manispaa ya Tabora iliyopo katika mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara, makala inapendekeza kwamba vituo vitakavyojengwa katika barabara za magharibi mwa Tanzania viwe pia na soketi ya kawaida yenye mita yake.

1.0 Utangulizi

Neno kituo limetokana na kitenzi kutua, na katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji lilibeba maana hiyo kwa ukamilifu: mahali ambapo mpagazi alitua mzigo wake, akapumzika na kupata posho. Burton na Speke walifika Tabora, waliyoiita Kazeh, mwezi Novemba mwaka 1857, wakakuta mji ambao misafara ilikaa kwa majuma kadhaa ikijiandaa kwa safari ya mbele. Bidhaa kubwa, hasa pembe za ndovu, zilipimwa kwa frasila, yaani takribani kilo 16. Chakula cha mpagazi kilipimwa kwa kibaba. Kituo kisichoweza kupima kwa kibaba kisingeweza kuulisha msafara, hata kama maghala yake yangejaa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye barabara za lami ziliuunganisha mji huu na Nzega, Manyoni na Mpanda. Leo wanaopita njia hizi ni pamoja na magari ambayo ni makazi au mahali pa kazi: magari-nyumba ya wasafiri wa masafa marefu, kliniki tembezi zenye majokofu ya chanjo, na magari ya watafiti wanaokaa porini kwa siku kadhaa. Yote yana haja moja, nayo ni kuijaza betri ya ndani bila kuunguruma kwa injini usiku kucha. Kwa kuwa vituo vya magari ya umeme vinaongezeka katika miji ya Afrika Mashariki, ni swali la msingi kama vituo hivyo vitawafaa watu hawa.

2.0 Betri ya Ndani na Mahitaji Yake

Betri ya ndani iliyo ya kawaida ni ya risasi na asidi, yenye seli 6 za takribani volti 2 kila moja. Ikiwa imejaa na haitumiki, husoma karibu volti 12.7, ikifika nusu husoma karibu volti 12.2. Betri ya ukubwa wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, sawa na uniti 1.2 katika lugha ya mita ya LUKU. Hata hivyo, betri ya aina hii huharibika mapema ikizoeshwa kushuka chini ya nusu. Kwa hiyo, umeme unaotakiwa kurudishwa baada ya matumizi ya kawaida ni takribani uniti 0.6 tu, pamoja na kiasi kidogo kinachopotea kama joto.

Umeme huo haurudishwi kwa haraka. Chaja nzuri hutoa kwanza mkondo mkubwa hadi betri ifike karibu volti 14.4, kisha hushikilia volti hizo huku mkondo ukipungua, na mwishowe hushuka hadi karibu volti 13.6 ili kuitunza betri. Chaja ya ampea 20 hutoa wati 288 katika volti 14.4. Baada ya kuzingatia upotevu, huvuta takribani wati 330 kutoka kwenye umeme wa volti 230, ambazo ni kama ampea 1.4. Kazi yote inaweza kuchukua saa 6 au zaidi, kwa sababu hatua ya pili haiharakishwi bila kuidhuru betri.

Mazingira ya Tabora yanaongeza sharti jingine. Volti za kuchajia betri ya risasi zinapaswa kupunguzwa kadiri joto linavyopanda, takribani volti 0.024 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi kwa betri nzima. Katika sanduku la betri lenye nyuzi 35, jambo la kawaida alasiri ya mwezi Oktoba, chaja iliyopangwa kwa nyuzi 25 inapaswa kushuka kutoka volti 14.4 hadi karibu 14.16. Isiposhuka, maji ya betri huchemka, na gesi ya haidrojeni hukusanyika penye hewa finyu.

3.0 Nguzo na Gari Huzungumza Nini

Mtazamaji anaweza kudhani kwamba nguzo ya kuchajia gari la umeme ni soketi kubwa. Sivyo. Nguzo inayotoa mkondo geu, yaani umeme wa aina ile ya majumbani, haina chaja ndani yake. Chaja imo ndani ya gari. Kazi ya nguzo ni kulinda usalama, kupima, na kuamua ni wakati gani swichi kuu ifungwe.

Uamuzi huo hutokana na mazungumzo kupitia waya mwembamba wa ishara uliomo katika kebo, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 61851. Pasipokuwa na gari, waya huo huwa na volti 12. Gari linapounganishwa, rezista iliyomo ndani yake huzishusha hadi volti 9; nguzo huelewa kwamba kuna gari. Gari linapokuwa tayari kupokea umeme, huzishusha tena hadi volti 6, na hapo ndipo nguzo hufunga swichi. Nguzo nayo hulieleza gari kiwango cha juu cha mkondo linaloruhusiwa kuvuta, kwa kutuma mapigo 1,000 kwa sekunde na kubadili urefu wa kila pigo. Pigo lenye urefu wa asilimia 10 humaanisha ampea 6.

Jambo hili la mwisho ndilo kiini cha hoja yetu. Ampea 6 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho lugha hiyo ya mapigo inaweza kukitaja. Ampea 6 katika volti 230 ni wati 1,380, zaidi ya mara nne ya mahitaji ya chaja ya betri ya ndani tuliyoieleza. Hakuna kinachokizuia kifaa kuvuta chini ya alichoruhusiwa, lakini baadhi ya vituo hutafsiri mkondo mdogo mno kuwa ni ishara kwamba gari limejaa, kisha hukatisha huduma. Kwa istilahi ya misafara, kituo hiki kinajua frasila. Kibaba hakina jina kwake.

Nguzo za kasi, zinazotoa mkondo mnyoofu, ziko mbali zaidi na haja hii. Hizo hupeleka umeme moja kwa moja kwenye betri kuu ya gari katika mamia ya volti, baada ya gari na nguzo kubadilishana taarifa na kupima kama kuna uvujaji. Betri ya volti 12 haina nafasi katika mazungumzo hayo, na jaribio lolote la kuilazimisha ni la hatari.

4.0 Njia ya Adapta na Mipaka Yake

Barani Ulaya, ambako nguzo za mkondo geu zimeenea, baadhi ya wenye magari-nyumba hutumia adapta. Upande mmoja huingia katika nguzo. Upande wa pili una soketi ya kawaida ya gari-nyumba. Ndani yake mna rezista zinazoiga gari: huzishusha volti za ishara hadi 9, kisha 6, na nguzo huamini kwamba imeunganishwa na gari la umeme. Chaja ya gari-nyumba hupata volti 230 kama ingepata nyumbani.

Kitaalamu njia hii hufanya kazi, lakini ina mipaka mitatu. Kwanza, adapta haisikilizi ujumbe wa mapigo. Nguzo inaweza kuwa inalindwa kwa ampea 32 wakati kebo ya gari-nyumba imebuniwa kwa ampea 16 au chini ya hapo. Ikitokea hitilafu, kebo inaweza kuungua kabla ya nguzo kukata umeme. Kwa hiyo, adapta lazima iwe na sakiti breka yake pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja ardhini. Pili, gari halisi hupunguza mkondo kabla ya plagi kuachiwa. Adapta isiyo na mpango huo huruhusu plagi kuchomolewa ikiwa na mzigo, na cheche hutafuna meno yake. Tatu, ni suala la ridhaa: kifaa kinachojifanya gari kinaweza kukiuka masharti ya mwenye kituo.

Mpaka wa nne si wa kiufundi. Nguzo ya kilowati 7.4 inaweza kutoa uniti 44 katika saa 6. Kwa gari linalotumia uniti 0.2 kwa kilomita, hizo ni kilomita 220, zinazotosha kutoka Tabora hadi Nzega na kubaki na akiba kubwa. Gari-nyumba likikaa penye nguzo hiyo kwa saa hizo hizo, litachukua chini ya uniti moja. Mwenye gari la umeme aliyekwama nyuma yake ana haki ya kulalamika, na mwenye kituo amepoteza mauzo.

5.0 Uzoefu wa Kuchajisha na Somo Lake

Suala la haja ndogo si geni Unyamwezini. Kabla ya umeme kufika vijijini, na kabla ya paneli za jua kuenea, watu walipakia betri za magari kwenye baiskeli na kuzipeleka mjini kuchajishwa, ili redio, taa na baadaye televisheni ziwake nyumbani. Simu za mkononi zilipoingia, vibanda vya kuchaji vilitokea kila penye soketi. Huduma hiyo ilibuniwa na wauza duka na wenye mashine za kusaga, nayo ilikuwa na kipimo kilichomfaa mteja: betri moja, simu moja, malipo yake.

Miji jirani inaonesha kwamba kipimo kinaweza kubuniwa upya. Kigali na Nairobi, waendesha pikipiki za umeme hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa, na betri yenyewe ndiyo kipimo cha mauzo. Nchini Kenya, mwaka 2023, mamlaka ya udhibiti wa nishati iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri. Hatua hizi zinaonesha kwamba kituo hufuata haja ya mtumiaji pale mpangaji anapoitambua haja hiyo mapema.

Kwa muktadha wa Kanyenye, suluhisho halihitaji teknolojia mpya. Kando ya kila nguzo kubwa pawekwe soketi mbili au tatu za kawaida za volti 230, kila moja na mita ya malipo ya awali, sakiti breka ya ampea 10 na swichi ya uvujaji, zikiwa mahali ambapo gari linaweza kukaa usiku bila kuziba njia. Soketi hiyo itaihudumia kliniki tembezi, gari-nyumba, bajaji ya umeme yenye chaja yake, na mfugaji nyuki aliyeleta betri ya taa zake. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na nguzo yenyewe, kwa kuwa waya mkubwa, kazi ya msingi na ulinzi vimekwisha kulipiwa.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kizuizi kati ya betri ya ndani na kituo cha magari ya umeme kimo katika lugha ya mashine, inayoanza kuhesabu kwenye ampea 6, na katika mpango wa eneo, unaomtambua mteja wa aina moja. Adapta huvuka kizuizi cha kwanza kwa masharti mazito ya usalama, lakini hukiacha cha pili. Inapendekezwa kwamba miongozo ya ujenzi wa vituo nchini Tanzania izingatie soketi ya haja ndogo tangu hatua ya michoro, kwa sababu kuiongeza baada ya zege kukauka ni ghali. Utafiti zaidi unaweza kupima mahitaji halisi ya kliniki tembezi na wafanyabiashara wadogo katika barabara ya Tabora hadi Kigoma, ili idadi ya soketi ipangwe kwa takwimu na si kwa makisio.