SSD ndani ya kompyuta ya fundi kanzu

Mzee mmoja anayedarizi kanzu Mji wa Kale, Mombasa, aliniletea kompyuta yake Ijumaa baada ya swala, ameifunga kwa leso. Nilipomwamkia aliitika haraka, kisha akaniambia, "Mwanangu, inagonga ndani." Niliiwasha nikasikia: tik, tik, kimya, tik. Diski ya GB 80 ilikuwa inakata roho, na ndani yake mna nakshi zote za vifua na shingo alizochora kwa miaka mingi.

Kumwambia anunue kompyuta mpya kusingemfaa. Programu yake ya kudarizi inakwenda na Windows XP, na kifaa cha leseni yake huchomekwa kwenye lile tundu la printa la zamani lenye pini 25. Kwa hiyo XP ibaki, diski ibadilike iwe SSD.

Diski inayogonga haivumilii majaribio. Sikuiwasha tena kwa XP. Niliwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye fleshi, nikatumia ddrescue, ambayo huvuna kwanza sehemu nzima halafu ndipo hurudia zilizoharibika. Nakala niliiweka kwenye diski nyingine ya kawaida, na humo imebaki hata sasa, kwa sababu SSD ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza ilichohifadhi.

Kuihamishia nakala ile kwenye SSD ya GB 120 kulitaka hesabu. XP huanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63, yaani baiti 32,256, namba isiyogawanyika kwa 4,096. Faili hukaa zimepanda mpaka, na kuandika kipande kimoja hugusa kurasa mbili za SSD. Nilitumia GParted kuisogeza hadi sekta ya 2,048, MB 1 kamili. Kwenye BIOS niliacha SATA katika hali ya IDE, maana XP haina draiva ya ile hali nyingine, AHCI, na ingeishia skrini ya bluu. Diski ya zamani niliitoa kabisa kabla ya kuwasha mara ya kwanza, XP isije ikazichanganya mbili zenye alama moja.

Linaloniumiza ni kuona mafundi wengi wakiishia hapo. Ukifuta faili, kompyuta hufuta jina tu kwenye daftari. Mzigo unabaki ghalani. Diski ya kawaida haijali, huandika juu yake. SSD haiwezi: lazima isafishe bloku nzima kwanza, na isipoambiwa kipi kimefutwa, inaendelea kubeba mizigo isiyo na mwenyewe huku na huku, ikichakaa na kupunguza kasi. Amri ya kuiambia inaitwa TRIM. Windows ilianza kuitoa kwenye toleo la 7, mwaka 2009. XP ni ya 2001.

Ndiyo maana zile GB 40 zilizozidi sikuzigusa. Mzee aliuliza kwa nini namnyima nafasi aliyoilipia. Nikamwonyesha kwa kabati lake la vitambaa: likijaa pomoni, kupata jora moja la chini lazima ushushe yote. Akacheka, akaelewa. Nilizima pia ile kazi ya XP ya kupanga upya faili kompyuta inapokaa bure, kwani kwa SSD ni kuandika kwa hasara. Waya wa intaneti niliung'oa. XP haijapata matengenezo ya kawaida tangu Aprili 8, 2014.

Jumamosi jioni aliiwasha mwenyewe. Akafungua nakshi ya kifua aliyomchorea marehemu kaka yake, akaikuza mpaka ikajaa skrini, akawa anafuata mishono kwa kidole bila kusema neno.

Tumekubaliana kwamba Idi ikipita, oda zikipungua, ataniletea SSD ile. Nitaichomeka kwa waya wa SATA kwenye kompyuta yangu ya Windows 10, iiamrishe TRIM, naye airudishe dukani kabla ya alasiri.