Mume Ataka Neno, Mke Ana Kisa

Wapo jamaa zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliofuata riziki bara, wakapanga Landless, nje kidogo ya mji wa Thika. Mume aondoka alfajiri kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 40, arudi baada ya Isha. Mke ana habari: mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Lakini haanzi na kodi. Aanza na mlango ulivyogongwa, mtoto aliyekuwa akioga, jirani aliyechungulia. Mume amkatiza: “Basi, wataka nini?” Mke anyamaza.

Mume alidhani ameombwa kitu. Mke alitaka mwenziwe aione siku yake.

Pwani tofauti hii haikuuma sana. Mwanamume alikuwa na baraza yake (na huko, tuseme kweli, kisa cha mpira hakiishi mpaka adhana). Mwanamke alikuwa na ua, wifi, somo, jirani, na leso yenye jina la kumsemea lile asilotaka kulitamka. Landless majirani ni wema, ila si kila mmoja atalisoma jina la leso akajua limemlenga nani. Huyo mume mmoja sasa ndiye wifi, ndiye somo, ndiye ua mzima.

Na asiposikiliza? Mwanachuoni wa Kimarekani, Susan Hirsch, alizichunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, akachapisha kitabu mwaka 1998. Jina lake limesimama juu ya maneno mawili: kutamka na kuvumilia. Mume hutamka, na talaka ni tamko; mke hutarajiwa avumilie, aifiche siri ya nyumba. Hata hivyo Hirsch aliwaona wanawake wakisimama mahakamani, wakisimulia kwa urefu yaliyowafika, ingawa kusimulia kwenyewe huhesabiwa aibu. Na mara nyingi walipata haki yao.

Kwa hiyo twamwomba mume aliyechoka aulize tu, “Ikawaje?” Naye mke, akimwona macho yanafumba, atangulize kodi, kisa kifuate baada ya chakula. Kwani kisa kilichokatizwa jamvini hakipotei. Huwekwa, kikaongezwa kingine, hata siku moja kikasimuliwa mbele ya kadhi, naye hukisikiliza tangu mlango ulipogongwa.