Waziri tunamkumbuka, vikongwe tumewasahau

Tukitaka mfano wa kiongozi aliyewajibika, jina la kwanza mdomoni ni Ali Hassan Mwinyi. Januari 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakuwa amempiga mtu. Waziri mwenzake, Peter Siyovelwa, naye aliachia ngazi, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadaye maofisa kadhaa walishtakiwa na kufungwa. Mwinyi mwenyewe alikieleza kisa hicho katika kitabu cha maisha yake kilichozinduliwa Mei 2021, na alipofariki Februari 2024 kilisimuliwa upya.

Tatizo ni kwamba tunakisimulia kuanzia katikati. Wale watuhumiwa walikamatwa kwa kosa gani? Vijijini Usukuma, kwenye mikoa hiyo hiyo, watu walikuwa wanakatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, na mwaka 1976 serikali ikaamua kumaliza jambo hilo kwa msako. Msako ukazaa mateso, mateso yakazaa vifo, na vifo vikamwondoa waziri. Waliotangulia kufa ni bibi zetu, na katika simulizi hii hawana hata sentensi moja. Mauaji nayo hayakukoma. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi walizidi 3,000, sehemu kubwa wakiwa wa Mwanza na Shinyanga.

Kiongozi akifika kwenye tukio la mauaji kama hayo husema ni imani potofu na wananchi wapewe elimu. Jibu hilo ni jepesi mno. Uchawi unaaminiwa Tanga, Rukwa na Mtwara, na unaaminiwa Masaki jijini Dar es Salaam pia, kwa watu wenye shahada mbili. Si wote wanaoamini wanaomfuata mwanamke wa miaka 70 usiku akiwa amelala. Ukiacha imani, kuna mambo mengine unayoweza kuyashika kwa mkono.

Anza na moshi. Alama ya mchawi Usukuma, kila mtu anaijua, ni macho mekundu. Sehemu kubwa ya misitu ya Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kufukuza mbung'o na kupata nafasi ya pamba na malisho. Kuni zilipokwisha, akina mama wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Fanya hivyo kwa miaka 50, ongeza vikope visivyotibiwa, uone macho yatakuwa na rangi gani. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza 1986, uliofufua ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na kurudisha miti kwenye maeneo makubwa ya mkoa, huhesabiwa kuwa habari ya mazingira. Mimi nauhesabu pia kuwa habari ya bibi aliyepata kuni.

Halafu mvua. Edward Miguel, mchumi wa Marekani, alifanya utafiti katika vijiji vya wilaya ya Meatu, huko huko Usukuma, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona: miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walitoka ndani ya familia. Debe la mahindi likiisha ghalani, kuna nyumba zinazoanza kuhesabu midomo, na uchawi unakuja baadaye kama sababu ya kumweleza jirani.

Ardhi ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu hapo hatuwezi kumsingizia mganga. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinamweka mjane pembeni: mali ni ya ukoo wa mume, yeye atunzwe na wanawe. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kufungua mlango wa mila nyingine zote. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye hati ya mahakama, kasoro ambayo wao hawakuiandika. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Sasa mfikirie mjane asiye na wakili, anayekalia ekari tano ambazo shemeji anazitaka. Ng'ambo ya mpaka, Kilifi nchini Kenya, alama ya mchawi ni mvi badala ya macho mekundu, na wazee wa kiume nao hawaponi. Lakini ukiuliza nani alibaki na shamba, unaanza kuelewa.

Sheria ya Uchawi tuliirithi kwa Mwingereza, ni ya mwaka 1928. Inakataza kujidai mchawi, na inakataza pia kumwita mwenzako mchawi. Hapo sawa. Lakini inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeonekana kuwa mchawi akaishi mahali pengine. Kwa hiyo anayetuhumiwa ndiye anayefungasha, na waliomtuhumu wanabaki na shamba.

Mganga mjanja hataji jina la mchawi. Anayekwenda kupiga ramli baada ya kumzika mtoto huambiwa ni mama mtu mzima, mnatumia kisima kimoja, mlango wake unatazama machweo. Jina analijaza mteja mwenyewe njiani akirudi nyumbani. Kisha linatajwa matangani kwa sauti ya chini, linarudiwa kilabuni, mtoto analiimba akiwa machungani. Kati ya siku hiyo na usiku wa mapanga hupita wiki, pengine miezi, na kijiji kizima kinajua. Mwaka 2015 polisi walikamata zaidi ya watu 200 waliodaiwa kuwa wapiga ramli, msako mwingine tena. Waliosikia jina likitajwa matangani wakanyamaza hawakuwa kwenye orodha hiyo, na hakuna karandinga la kuwatosha.

Usiniambie wanakijiji hawana nguvu. Usukuma ndiko walikozaliwa sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na Nzega, ili kuwazuia wezi wa ng'ombe. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, wanaume hutoka na pinde kutoka vijiji vitatu na kufuata nyayo za ndama hadi asubuhi. Ni ulinzi ambao serikali yenyewe iliuonea wivu mpaka ikaupa nafasi katika sheria. Lakini siku zile zile za mwanzo, sungusungu walikuwa pia wakiwasaka wanaoitwa wachawi. Ng'ombe alipata walinzi, bibi akapata watesi, na jeshi lilikuwa moja. Mwenyekiti wa kitongoji anayeweza kuitisha mwano kwa ajili ya ndama anaweza pia kumsimamisha mfiwa matangani na kumwambia: hilo jina ulilotaja tumelisikia sote, akidhurika tutaanza na wewe.

Njia nyingine ya kumlinda bibi ni fedha, na Zanzibar wameshaanza kuzitoa. Tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na kuendelea hupewa pensheni jamii, tajiri kwa maskini, kwanza Sh20,000 kwa mwezi, baadaye Sh50,000. Si fedha nyingi, ila zinamfanya bibi awe mtu anayeleta kitu nyumbani, na mwaka wa njaa hilo ni jambo kubwa. Miguel naye alipendekeza pensheni kwa sababu hiyo hiyo. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na ruzuku ya TASAF inayotolewa kwa kupima umaskini wa kaya. Pensheni ya kila mzee tunaambiwa ni ghali. Wanaotoa jibu hilo watuletee bungeni hesabu mbili kwenye karatasi moja: ya pensheni ya wazee wa Meatu, Maswa na Misungwi, na ya misako, mahabusu na kesi za mauaji tunazozilipia tangu 1976.