Riwaya ya Kihistoria Mbele ya Wenye Historia Yao

Riwaya ya kihistoria huchukua tukio la kweli na kujaza yale ambayo kumbukumbu haikuyahifadhi: mazungumzo, hofu, njaa ya mafichoni. Mwandishi anayeanza, akiipeleka kazi ya namna hiyo Iringa au Mbeya, hukutana na msomaji aliyeisikia hadithi yenyewe kwa bibi yake kabla hajajua kusoma. Msomaji huyo huhakiki kwanza, kununua baadaye.

Mfano ulio wazi ni Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliwashambulia Wajerumani kule Lugalo na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, naye akajiua Julai 1898 asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hapo hapabuniwi kitu. Mwandishi akikosea mwezi, mzee wa Kalenga atamsahihisha mbele za watu. Nafasi yake ni ile miaka karibu minne ya porini: nani alimpelekea mtwa chakula, na nani alichoka kumficha. Hata jina lina mtego. M. M. Mulokozi, ambaye si Mhehe bali ni mtu wa Bukoba, aliiita tamthilia yake ya 1979 Mukwava wa Uhehe, ingawa vitabu vya shule huandika Mkwawa.

Ukivuka kwenda Mbarali, mkoani Mbeya, shujaa hubadilika. Wahehe waliwaondoa Wasangu wa huko katika nchi yao. Mtawala wa Wasangu, Merere, akaungana na Wajerumani, na nguvu za Mkwawa zilipovunjwa Wasangu wakarejea kwao Utengule. Sura inayopigiwa makofi Kalenga yaweza kusikilizwa kimya Usangu. Riwaya inayomwonyesha Merere kama msaliti tu ni riwaya ya upande mmoja, tena dhaifu.

Mwanamke anayeandika kuhusu nyanda hizi za Iringa na Mbeya hafungui njia mpya. Martha Mvungi, aliyekulia miongoni mwa Wahehe na Wabena, alitoa riwaya ya Hana Hatia mwaka 1975, na mwaka huohuo mkusanyiko wa Kiingereza, Three Solid Stones, wenye mizizi katika ngano za makabila hayo mawili. Yeye alianzia kwenye ngano, si kwenye vita.

Kuhusu mauzo, maduka mengi ya vitabu mikoani huishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya isiyo kwenye mtaala hutegemea redio za mkoa, maktaba ya mkoa na vyuo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, imeongeza mlango mmoja kwa wanaoanza. Lakini mahali pa kuisoma sura ya kwanza kwa sauti ni Kalenga: fuvu limo ndani ya makumbusho pale, na wasikilizaji wanazijua tarehe zote.