Kioo kinachookoa shaba ndani ya moto

Mwenye amekwisha kuchoma matofali anajua: bila moto mukali, udongo haushikamane. Ndani ya telefone muna vipande vidogo vya seramiki vyenye kutunza umeme, na vile pia vinachomwa. Seramiki ya titanati ya bariumu inaomba digri karibu 1 300. Lakini shaba, ile tunayochimba Kolwezi na Likasi, inayeyuka kwa 1 085. Feza ya mikufu, kwa 962. Tukipanga njia za umeme kwa shaba, zitageuka maji mbele seramiki ikomae.

Njo maana mafundi wanachanganya unga wa kioo chenye boro. Kioo kinayeyuka mbele, kinapenya katikati ya chembe, kinazivuta zikamatane. Aina zingine zinakomaa kwa digri 900 hivi, na shaba inabaki nzima. Lakini kioo kikizidi, seramiki inatunza umeme kidogo. Tena furu ya shaba haitakiwi kuwa na oksijeni, juu shaba isiungue.

Shaba inatoka kwetu kwa tani, inarudi ndani ya telefone, na tunailipa. Faida kubwa inabaki kwa mwenye kujua furu. Mutoto anayesoma kemia leo, tusimutoe masomoni juu ya kuosha mawe.