Sauti Inapofifia na Hatua Zinapofupika

Katika delta ya Rufiji, ambako mto hugawanyika katika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, safari nyingi huanza kwa miguu: kukanyaga tope baina ya mikoko, kupita juu ya ubao mwembamba, kisha kupanda mtumbwi. Msomaji na amfikirie mzee aliyefanya hivyo tangu utotoni. Siku moja anafika mbele ya ubao na miguu inagoma. Inanata chini kana kwamba imefungwa. Kabla ya hapo, kwa miezi mingi, vijana wanaomwamkia "Shikamoo" wamekuwa hawaisikii "Marahaba" yake, nao hudhani kwamba amewakasirikia. Jamaa husema ni uzee. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Ni wachache wanaotambua kuwa mguu uliogoma na sauti iliyofifia huenda vikawa na chanzo kimoja.

Chanzo cha ugonjwa

Ugonjwa huo huitwa Parkinson, kwa jina la daktari Mwingereza James Parkinson aliyeueleza mwaka 1817. Hutokana na kufa polepole kwa chembe hai zilizomo katika sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ndani ya ubongo. Chembe hizo hutengeneza dopamini, kemikali isaidiayo ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Watu wengi huutambua ugonjwa kwa kutetemeka kwa mkono, lakini si kila mgonjwa hutetemeka. Jambo kubwa zaidi ni kwamba viungo hukakamaa, mwendo huwa mzito, na matendo ya mazoea hupungua ukubwa.

Kutembea na kusema ni matendo ya namna hiyo. Mtu mzima hapimi urefu wa kila hatua wala nguvu ya kila neno; ubongo humpimia bila yeye kujua. Dopamini ikipungua, kipimo hicho huharibika. Hatua hufupika, sauti hushuka, na hata mwandiko huanza kwa herufi kubwa kisha huzidi kuwa mdogo kadiri mstari unavyoendelea.

Ulinganifu hauishii hapo. Wako wagonjwa ambao hatua zao huongezeka kasi huku zikifupika, kana kwamba wanasukumwa kutoka nyuma. Maneno yao pia huweza kusongamana na kukimbizana. Wengine miguu hunata wanapogeuka au wanapopita mlangoni. Kadhalika ulimi huweza kunata kwenye silabi ya kwanza, mfano wa kigugumizi. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo yaliyoonyesha uhusiano baina ya kasoro hizo za usemi na zile za mwendo.

Tiba na mdundo

Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Kemikali hiyo imo pia katika mbegu za upupu, mmea ujulikanao sana Afrika Mashariki kwa kuwasha kwake. Hata hivyo, mtu asijitibu kwa mbegu hizo, maana kipimo chake hakijulikani na madhara yaweza kuwa makubwa. Levodopa hulegeza viungo na kurefusha hatua, lakini aghalabu haisaidii sana usemi wala kunata kwa miguu. Hii ni ishara nyingine kwamba matatizo hayo mawili ni ndugu, na kwamba upungufu wa dopamini si sababu yake pekee.

Yapo mazoezi yasaidiayo. Mgonjwa ashindwaye kutembea kwenye sakafu tupu huweza kuvuka vijiti vilivyolazwa mbele yake, au kufuata mdundo wa ngoma na hesabu ya "moja, mbili". Jicho na sikio vikishika uongozi, njia nyingine za ubongo hubeba kazi iliyolemaa. Kwa upande wa usemi, mazoezi yaliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1980 humtaka mgonjwa jambo moja tu: apaze sauti. Yeye hujiona anapiga kelele, kumbe wasikilizaji husikia mazungumzo ya kawaida.

Wajibu wa wanaoona

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Ugonjwa huu hupatikana duniani kote. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Rufiji na Kibiti zimesalimika.

Si kazi ya mwanafunzi wala mwalimu kuutaja ugonjwa. Kiharusi nacho huharibu usemi na mwendo, ingawa kwa kawaida huja ghafla. Zipo pia dawa ziletazo dalili zinazofanana na hizi. Uamuzi ni wa mganga. Lakini anayeishi na mzee ndiye wa kwanza kuona. Babu asiposikika anapoitikia salamu, yafaa mjukuu atazame pia miguu yake: je, hatua zimefupika? Je, husita mlangoni? Ikiwa ndivyo, apelekwe kituo cha afya mapema, kabla ule ubao mwembamba haujamwangusha.